Neno la Mwisho la Yona

Katika Kiebrania, tangazo la Yona juu ya Ninawi lina maneno matano tu, na la mwisho, nehpakhet, ndilo lenye uzito wote. Kitenzi chake, hafakh, kimetumika kueleza maangamizi ya Sodoma. Lakini katika Hosea 11:8 chaeleza moyo wa Mungu uliogeukia huruma. Basi mfasiri aandikapo “utaangamizwa” aitaja hukumu na kuiacha rehema, na Yona aonekana nabii wa uongo, kwani mji ulitubu ukasalimika. Twaona “utageuzwa” lafaa zaidi: mji waweza kugeuzwa magofu, na watu wake waweza kugeuzwa wapya. Taifa lililohukumiwa lisifungiwe na mfasiri mlango ambao nabii aliuacha wazi.