Tusiudharau ushabiki wa vijana, ndani yake mna uhakiki

Likizo ya Agosti, mjukuu wangu wa miaka 15 alikuja kukaa nasi akiwa na mabegi mawili, moja la nguo, la pili la vitabu. Nilifurahi, mpaka nilipovitazama vitabu vyenyewe. Vyote vya Kiingereza, vyote vya uchawi, mapanga na watoto wa wafalme. Jioni nayo runinga yetu ikatekwa na katuni ya Kimarekani iitwayo Avatar: The Last Airbender. Alikuwa ameshaitazama yote, sehemu 61, na sasa anairudia mara ya tatu.

Nikamwambia neno ambalo nimewaambia wanafunzi wengi: “Huo ni ushabiki tu. Soma fasihi.”

“Kwani wewe umekisoma hiki, Babu?” akaniuliza, ameinua kitabu kinene juu.

Sikuwa nimekisoma. Na mimi ndiye yule ambaye kwa zaidi ya miaka 30 amekuwa akiwarudishia wanafunzi kazi zao kwa kosa la kuhakiki vitabu wasivyovisoma. Nikakichukua.

Kitabu hicho ni Children of Blood and Bone cha Tomi Adeyemi, Mmarekani mwenye wazazi wa Kinigeria, kilichotoka mwaka wa 2018. Ni riwaya ya kifantasia ya vijana, ya kwanza katika utatu uliokamilika 2024. Katika nchi ya kubuni iitwayo Orïsha, mfalme Saran amewaua wenye nguvu za uganga, akiwemo mama yake Zélie. Zélie, kaka yake Tzain na Amari, binti ya mfalme aliyetoroka, wanasafiri ili kuzirejesha nguvu hizo. Nyuma yao anawafukuza Inan, mwana wa mfalme, ambaye anagundua kwamba hata yeye anazo nguvu hizohizo anazotumwa kuziangamiza.

Nilikisoma kwa siku nne, na nakiri nililala saa nane usiku siku moja. Ila nina malalamiko. Hadithi inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza na wasimulizi watatu, Zélie, Amari na Inan, na mara nyingi ilinibidi nirudi juu ya sura kutazama jina ili nijue ni nani anayesema. Mtoto wa mvuvi na mtoto wa ikulu wanawezaje kuwa na sauti moja? Nilimpelekea mjukuu wangu hoja hiyo nikidhani nimempiga chenga.

“Hiyo ni kweli,” akasema bila kupepesa macho. “Lakini shida kubwa ni Inan. Si huyo ni Zuko tu?”

Kwa faida ya msomaji wa umri wangu, Zuko ni mwana wa mfalme katika ile katuni. Baba yake amemchoma uso na kumfukuza, naye anamwinda mtoto aitwaye Aang ili apate kurudishiwa heshima yake. Mjukuu wangu alinikalisha kitako akanieleza. Zuko anamsaliti ami yake mwishoni mwa msimu wa pili, wakati mtazamaji ameshaanza kumwamini, ndiyo maana usaliti ule unauma. Kisha inamchukua nusu ya msimu wa tatu kugundua kwamba heshima aliyoitafuta hakuna wa kumpa. Inan, kwa upande wake, anachukia, anapenda, anasaliti, yote ndani ya kitabu kimoja. “Hajapewa muda wa kukosea vizuri,” akasema.

Wasomi wenzangu, hebu tuambizane ukweli. Alichokifanya msichana huyu kina jina. Tunakiita mwingilianomatini, tunamtaja Julia Kristeva, na tunampa mwanafunzi wa uzamili miaka miwili akifanye. Kisha mtahiniwa anakuja mbele ya jopo na fasili tano za nadharia na hana hata tukio moja la matini analolikumbuka bila kufungua kitabu. Huyu wa kwangu analo kila tukio kichwani kwa sababu moja tu: anaipenda kazi ile.

Hapa kwetu neno shabiki tumelifungia uwanjani. Mzee wa Ingwe akikutajia kikosi kizima cha miaka ya themanini, pamoja na nani alitoa pasi na nani aliumia goti, tunasema anaujua mpira. Msichana akizijua sehemu 61 za katuni kwa undani huohuo tunasema anapoteza wakati. Adeyemi mwenyewe, kwa maelezo yake, alikuwa shabiki wa katuni hiyohiyo kabla ya kuwa mwandishi. Kwa hivyo Zuko hakujipenyeza kitabuni kwa bahati.

Lakini kilichoninyima raha ni suala la lugha. Katika riwaya hii watu huzungumza Kiingereza, ila uganga unapoitwa, maneno huwa ya Kiyoruba. Lugha ya nyumbani ndiyo yenye nguvu. Mjukuu wangu, ambaye husoma insha zake za Kiswahili kama mtu anayemeza kwinini, alikuwa ameyanakili maneno hayo ya Kiyoruba nyuma ya kitabu na kujifunza kuyatamka.

“Na sisi je?” akauliza.

Nikamtolea Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka wa 1995, ambamo Dzombo aliyehukumiwa kifo anarushwa angani na kufika katika ulimwengu mwingine. Alikirudisha baada ya wiki, pambizo zimejaa penseli. Sehemu ya safari aliisifu. Kuhusu kule Dzombo anakofika, alikuwa ameandika: “Anaelezwa tu. Lini atafanya kitu?” Nampenda Mkangi na namheshimu, ni mtu aliyewekwa kizuizini kwa ajili ya fikira zake. Hata hivyo sikuwa na jibu. Waandishi wetu wengi, hata wakiruka angani, hutua darasani.

Nikajaribu Fumo Liyongo. “Huyo tulimsoma,” akasema. “Sifa za shujaa, alama nne.” Basi nikaweka vitabu kando nikamsimulia kama nilivyosimuliwa: mkate wenye tupa ndani ambao mama alimpelekea gerezani, kelele za ngoma zilizoficha mlio wa kukata minyororo, kisha mwanawe wa kumzaa anayeahidiwa binti ya mfalme ili amchome baba sindano ya shaba kitovuni. Liyongo akapiga goti kisimani, upinde umevutwa, na watu wakakaa na kiu siku kadhaa wakimwogopa maiti.

Alinyamaza muda mrefu.

“Huyo mwana,” akasema, “aliitwa nani?”

Nikamwambia utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka wa 1913 humwita mwana tu.

“Na usiku ule ameshika sindano, baba amelala, alikuwa anafikiria nini? Kwa nini hakuna mtu ameisimulia kutoka kwake? Huyo ndiye Inan wa ukweli, Babu. Huyo ndiye Zuko asiyerudi.”

Nimeufundisha utenzi huo tangu nikiwa mhadhiri kijana. Nimetunga maswali ya mtihani juu yake, nimesimamia tasnifu, nimekaa kwenye makongamano. Yule mwana nimemwita msaliti kila mwaka nikapita. Jumatatu hiyo nilirudi kwenye beti zile na kuanza kuzisoma upya, nikimtafuta yeye.