Neno la Mwaka na Fundo Lake

Katika miaka ya karibuni imeenea desturi ya mtu kujichagulia neno moja tu mwanzoni mwa mwaka, neno hilo likawa dira yake mpaka Desemba. Badala ya kuandika orodha ndefu ya maazimio, ambayo aghalabu husahauliwa kabla mwezi wa pili haujaandama, mtu huteua "Subira", au "Ujasiri", au "Utulivu", akalibandika ukutani mahali atakapoliona kila asubuhi. Desturi hii ilipata nguvu huko Marekani mwanzoni mwa karne hii, vikaandikwa hata vitabu juu yake, na sasa wapo walimu na wanafunzi hapa Kigali wanaoifuata. Kwa kuwa chombo chake ni neno, na neno ndiyo mali yetu sisi walimu wa lugha, yafaa tuihakiki kama tunavyohakiki kazi nyingine yoyote ya lugha. Neno hilo lasema nini? Lamwambia nani? Na linafanya kazi gani?

Si haki kuanza kwa kuibeza. Ufupi ni sifa, na watu wa lugha ya Kiswahili hawahitaji kufundishwa na mgeni thamani ya maneno machache. Methali zetu ni shahidi. Hata nje ya kwetu, Wajapani wana desturi kongwe ya kuandika kwa brashi maneno ya kwanza ya mwaka tarehe 2 Januari, na maneno hayo huwa ya heri na matumaini. Aidha, mwanamke wa pwani aingiapo dukani kununua kanga hatazami rangi na pindo tu, bali husoma kwanza jina la kanga, yaani maneno yaliyopigwa chapa juu yake. Akiisha kulipenda jina ndipo hutoa fedha.

Lakini tuitazame kanga hiyo vizuri zaidi. Jina lake aghalabu ni sentensi kamili, wala si neno pweke, tena sentensi hiyo ina mlengwa. Huyu amemvalia jirani mwenye maneno, yule amemvalia mumewe, na mwingine amemzawadia mama yake. Anayepita njiani huenda asijue ni nani aliyekusudiwa, lakini mvaaji anajua, na mlengwa naye anajua. Hapo ndipo kanga inapolipita neno la mwaka lililobandikwa ukutani. Neno la ukutani halikutumwa kwa mtu.

Tukiyakusanya maneno yanayochaguliwa tutaona kwamba mengi ni nomino dhahania, na sehemu kubwa ni za ngeli ya U: upendo, ukuaji, utulivu, ujasiri, uaminifu. Kila mwalimu wa sarufi anajua tabia ya nomino hizi. Zimetokana na tendo au sifa, lakini katika safari hiyo zimemwacha mtenda nyuma. Mtu akisema "subira" hajasema nani atasubiri, atamsubiri nani, wala mpaka lini. Neno lisilo na mtenda wala yambwa haliwezi kukanushwa. Ikifika tarehe 31 Desemba, nani atathubutu kumwambia mwenzake kwamba hakuutekeleza "utulivu"? Naye mwenye neno atajiambia, bila kusema uongo, kwamba alitulia siku nyingine na siku nyingine hakutulia. Ahadi isiyoweza kuvunjwa si ahadi.

Hapa Rwanda tuna kipimo cha jambo hili katika lugha ya nchi yenyewe, nacho ni neno "imihigo". Umoja wake ni "umuhigo", na mwanafunzi wa Kiswahili atatambua mara moja kwamba neno hilo limo katika ngeli iliyo ndugu wa ngeli yetu ya M-MI, kama mti na miti. Zamani za wafalme, shujaa alisimama hadharani mbele ya mkuu wake akataja tendo atakalolitenda vitani. Hakusema "ushujaa", bali alisema atafanya nini, na waliosikia wakawa mashahidi. Tangu mwaka 2006 neno hilo limetwaliwa na serikali. Viongozi wa wilaya, ambazo jumla yake ni 30, wamekuwa wakitia sahihi ahadi zao mbele ya Rais kwa kila mwaka wa fedha, yaani kuanzia Julai hadi Juni. Ahadi hizo hutaja barabara, madarasa, bima ya afya, mazao na mengineyo kwa hesabu, na mwisho wa mwaka hupimwa. Desturi hiyo imeshuka mpaka kwenye kaya, ambako familia huandika malengo yake katika daftari.

Lakini hazina kubwa zaidi imo katika vitenzi vya neno hilo. Kuweka ahadi ni "guhiga", na kuitimiza ni "guhigura". Msomaji wa Kiswahili asikilize sauti hizo kwa makini. Sisi tunasema funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua. Katika Kinyarwanda kiambishi hicho cha kutendua huonekana kama "-ura". Kwa hiyo, kwa mtazamo wa lugha hiyo, anayeweka ahadi amefunga fundo, na anayeitimiza amelifungua. Muda wote ulio katikati anatembea amefungwa. Wala Kiswahili hakiko mbali na fikra hiyo, maana sisi nasi husema mtu ameweka nadhiri, na akiitekeleza husemwa ameondoa nadhiri. Lugha mbili jirani zimeona jambo moja, kwamba ahadi ni kitu ambacho mtu hubaki nacho shingoni mpaka akitue.

Basi kipimo chetu cha neno la mwaka ni hiki: je, lina guhigura? Lina siku na namna ya kufunguliwa? Neno ambalo haliwezi kufunguliwa halikuwahi kufungwa.

Hata hivyo tusiifanye imihigo kuwa kitu kisicho na kasoro. Watafiti walioichunguza wameeleza kwamba mara nyingi malengo hushuka kutoka juu, na kwamba woga wa kupata alama za chini huweza kumshawishi mtendaji kuandika makubwa kuliko yaliyotendeka. Daftari la kaya nalo huweza kujazwa kwa yale anayotaka kuyaona kiongozi, si yale yaliyomo moyoni mwa wenye nyumba. Fundo lililofungwa na mkono wa mwingine ni amri, hata likiitwa ahadi. Hapo ndipo neno la mwaka linapopata ushindi wake, kwa sababu mtu hulichagua mwenyewe kwa hiari. Hukumu ya haki, basi, ni kwamba desturi moja ina uhuru lakini haina fundo, na nyingine ina fundo lakini uhuru wake una mashaka. Mwenye busara atachukua uhuru wa ile na fundo la hii.

Historia ya nchi jirani inathibitisha kwamba neno lenye fundo hufanya kazi. Katika salamu zake za mwaka mpya, Desemba 1969, Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima nchini Tanzania. Neno lilikuwa "elimu", ambalo kwa lenyewe ni dhahania kama mengine. Lakini lilipewa mtenda, ambaye ni mtu mzima, likapewa tendo, ambalo ni kusoma na kuandika, na punde wilaya sita zikapewa lengo la kumaliza kazi hiyo kufikia mwisho wa mwaka 1971. Kwa hesabu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67 mwaka 1967, na kufikia mwaka 1986 walikuwa chini ya asilimia 10. Vivyo hivyo kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusoma, iliwafikia takriban watu milioni mbili. Haikuishia kwenye kaulimbiu, kwani watu walichimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba. Choo kilichochimbwa huonekana, na kisichochimbwa huonekana pia.

Kenya inatupa mfano wa upande wa pili. Daniel arap Moi alipotwaa urais mwaka 1978 aliahidi kufuata nyayo za mtangulizi wake, Jomo Kenyatta. "Nyayo" likawa neno la utawala mzima. Katika miaka iliyofuata palikuwa na maziwa ya Nyayo kwa watoto wa shule, mabasi ya Nyayo, uwanja wa michezo wa Nyayo, na hata gari la Nyayo. Palikuwa pia na jengo la Nyayo House mjini Nairobi, ambalo vyumba vyake vya chini vilitumika kuwatesa wapinzani wa kisiasa katika miaka ya 1980. Mhakiki ataona kwamba nomino hii imekatwa mmiliki wake: nyayo za nani? Mwanzoni zilikuwa za Kenyatta, baadaye zikawa za Moi mwenyewe, wala neno halikuhitaji kubadilishwa hata herufi moja. Neno lililopigwa chapa juu ya maziwa na juu ya mahali pa mateso kwa pamoja halimwongozi mtu. Limekuwa pambo tu.

Na hapa Kigali hatuwezi kumaliza hoja hii bila kukumbuka jambo zito zaidi. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, wauaji waliliita tendo lao "kazi". Kitenzi "gukora", ambacho ndicho cha kila siku cha kulima na kujenga, kilitumiwa kuwahimiza watu waue, na ushahidi wa matumizi hayo ulitolewa mbele ya mahakama ya kimataifa iliyokuwa na makao yake Arusha. Hapa hata kitenzi kilikuwapo, tena kitenzi chenye heshima. Kilichofichwa ni yambwa. "Tukafanye kazi" ni sentensi inayonyamaza pale hasa ilipopaswa kusema, yaani atakayetendwa ni nani, na atatendwa nini. Kila mwaka, ifikapo tarehe 7 Aprili, nchi hii huanza maombolezo, na miongoni mwa mengi ambayo mwalimu wa lugha anapaswa kuyakumbuka siku hiyo ni kwamba uzuri wa neno si dhamana ya tendo. Kwa hiyo kudai kwamba neno la mwaka litamkwe pamoja na mtenda wake na yambwa wake si ubishi wa wanasarufi. Ni hadhari iliyonunuliwa kwa damu.

Walimu wenzangu, mapendekezo yangu ni mepesi, nayo yanafaa hasa kwetu tunaofundisha Kiswahili katika nchi ambako lugha hii imekuwa miongoni mwa lugha rasmi tangu mwaka 2017, na ambako wanafunzi wengi huijua ngeli ya U kabla hawajaumudu urari wa vitenzi. Mwanafunzi akija na neno lake la mwaka, tusimnyang'anye. Tumpe zoezi. Kwanza, aligeuze neno liwe kitenzi: subira liwe kusubiri, uaminifu liwe kuaminika. Pili, atie kiambishi cha mtenda, naye awe "ni-", kwa maana hakuna awezaye kuweka nadhiri kwa niaba ya jirani. Tatu, ataje yambwa na mahali. Nne, awe na shahidi mmoja, ndugu au rafiki, atakayesomewa sentensi hiyo.

Tuchukue mfano. Aliyekuja na neno "Subira" atoke na sentensi kama hii: "Nitamsikiliza mdogo wangu mpaka amalize maneno yake, kabla sijamjibu." Aliyechagua "Usafi" aandike: "Nitaufagia mfereji ulio mbele ya nyumba yetu kila Jumamosi." Wapo watakaosema kwamba ukubwa wa neno umepotea. Ni kweli umepungua, na hasara hiyo tuikubali. "Subira" ilikuwa pana kama bahari, na sentensi yetu ni kisima tu. Lakini maji ya kisima ndiyo yanayotekwa.

Kisha mwaka ukifika mwisho, mwalimu aurejee ubao. Sentensi zote zilizoandikwa Januari zilikuwa na "-ta-". Sasa kila mwanafunzi aiandike upya yake, ama kwa "-me-", ama kwa kukanusha. "Nimemsikiliza", au "Sikumsikiliza". Shahidi wake awepo. Hakuna haja ya adhabu wala ya kupangana madaraja, kwa kuwa kuandika "siku-" mbele ya shahidi ni somo la kutosha. Mwanafunzi atakuwa amejifunza nyakati za vitenzi, na atakuwa amejifunza pia jambo ambalo Kinyarwanda na Kiswahili zimelihifadhi siku zote ndani ya sarufi zao: anayefunga ndiye anayepaswa kufungua.