Moto wa Baridi Ndani ya Dizeli ya Zamani

Dizeli ya zamani haikosi harufu, na dereva aliyeizoea hailalamikii. Lakini ipo harufu nyingine, kali, inayochoma macho, kukwaruza koo na kushika kwenye nguo hadi jioni. Hiyo hutokana na mafuta yaliyoingia kwenye silinda yakatoka bila kuungua, au yakiwa yameungua nusu. Gari ninalolichambua hapa ni Land Cruiser ya kubebea watalii, ya Arusha, yenye injini ya 1HZ. Lilifika kwa fundi likiwa limeshahukumiwa kwingine kwamba pampu imekwisha na lazima ishushwe. Pampu haikushushwa. Njia aliyoifuata fundi inafaa kufuatwa hatua kwa hatua, kwa kuwa kosa alilolikuta limo kwenye magari mengi mno ya nchi hii.

Kwanza injini yenyewe. Toyota walianza kuitoa 1HZ mwaka 1990: silinda sita, lita 4.2, haina tabo, haina kompyuta. Pampu moja huzigawia silinda zote mafuta kwa zamu. Nozeli haimwagi dizeli moja kwa moja juu ya pistoni; huimwaga kwenye kijichumba cha pembeni, ambako hewa iliyobanwa zaidi ya mara 22 imepanda joto kupita nyuzi 500. Joto hilo ndilo linalowasha dizeli, kwani cheche hakuna. Tatizo la kijichumba ni kuta zake. Injini ikiwa ya baridi, kuta hunyonya joto la hewa, na matone ya dizeli yakizigusa hubaki matone. Yanatoka nje kama ukungu mweupe, yakiandamana na gesi chungu kama akrolini, ileile inayowasha macho mafuta ya kupikia yanapoungulia kikaangoni.

Fundi hakuanza kwa kufungua boneti. Alimuuliza dereva: "Inanuka wakati gani hasa?" Dereva alimpa mambo matatu. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi, na mchana inapungua lakini haiishi. Wakishuka mteremko mrefu na kukanyaga mafuta tena huku chini, wingu jeupe hutoka nyuma. Na abiria hulalamika zaidi paa linapofunguliwa ili wapige picha. Kwa maoni yangu hapo nusu ya kazi ilikuwa imefanyika, maana mambo hayo matatu hayana chanzo kimoja, na aliyeihukumu pampu alikuwa ameyafunga yote kwenye fungu moja.

Gari lililazwa gereji ili liwashwe likiwa la baridi kabisa. Hapa mafundi wengi hukosea: mteja anafika na injini ya moto, wanaikagua hivyohivyo, na ushahidi umeshapotea. Kabla ya kuwasha, fundi alifungua kipande cha bati kinachounganisha hita plagi zote sita, akazipima mojamoja kwa taa ya majaribio iliyotoka kwenye chanya ya betri. Moja haikuwasha taa. Ilibadilishwa, lakini fundi hakushangilia. Hita plagi hupasha joto kile kijichumba dakika za mwanzo tu. Harufu inayodumu hadi mchana haiwezi kuwa yake peke yake.

Kisha akakata shauri la mafuta. Alichomoa mpira unaotoka kwenye tangi, akauingiza mwingine kwenye dumu la dizeli safi aliyoijua ilikotoka, na injini ikanywa humo. Harufu ilibaki ileile. Jaribio hili ni rahisi na nalipenda sana, kwani dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa si hadithi kwetu. Tanzania ilianza kuweka kemikali ya utambuzi kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu hiyo. Mafuta ya taa ni mepesi: huinyima pampu ulainisho, presha ya ndani ya pampu hushuka, na mafuta huanza kufika kwenye silinda kwa kuchelewa. Ama salfa, mwaka 2015 viwango vya Afrika Mashariki vilianza kutaka dizeli isizidi sehemu 50 kwa milioni, kwa hiyo kuilaumu kila harufu inapochoma ni mazoea ya zamani.

Dalili iliyofungua mambo ilikuwa ya sauti. Muda mrefu baada ya kuwashwa, injini ilikuwa bado inazunguka juu kuliko kawaida bila mguu wa mtu. Kwenye pampu ya 1HZ kuna kifaa chenye nta ndani yake, kinachopitiwa na maji ya injini. Nta ikiwa ya baridi, kifaa huwahisha umwagaji wa mafuta na kupandisha mzunguko. Ikipata joto hutanuka na kurudisha vyote mahali pake. Kama hairudishi, ama kifaa kimekufa, ama maji hayapati moto. Fundi akashika mpira wa juu wa rejeta: vuguvugu tangu mwanzo. Alipofungua nyumba ya thamostati, hamkuwa na kitu.

Niseme bila kuzunguka: kutoa thamostati ni mojawapo ya makosa makubwa tunayoyatenda kwenye injini hizi. Hutolewa gari linapochemsha, rejeta ikiwa imeziba au feni imechoka, na anayetoa huamini ameokoa injini. Kumbe amefungulia maji yazunguke wakati wote, na injini haifiki kwenye joto lake la kazi, karibu nyuzi 80. Asubuhi ya Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari, silinda hubaki za baridi kwa safari nzima ya mjini. Dizeli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, kaboni hujaa kwenye ncha za nozeli, na nozeli chafu huongeza mafuta yasiyoungua. Hata lile wingu la kwenye mteremko linaelezeka: ukishuka bila kukanyaga mafuta, silinda humeza hewa tupu na kupoa, na injini iliyokuwa ya baridi tangu mwanzo haina akiba ya joto.

Rejeta ilizibuliwa kwanza, ndipo thamostati mpya ikafungwa. Bila kuzibua, nayo ingetolewa tena baada ya wiki chache.

Harufu ilipungua sana, ikabaki kidogo. Sasa ndipo zikaja nozeli. Injini ikiwa inazunguka polepole, fundi alilegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine, akikaa mbali na mafuta yanayoruka, maana presha ile hupenya ngozi na jeraha lake ni la hospitali, hata likionekana dogo. Kwenye silinda nzima, ukilegeza, injini huyumba. Kwenye mojawapo haikuyumba sana, na moshi mweupe ukakatika. Hiyo ni nozeli inayochuruzika. Zote sita zilipelekwa kwenye mashine ya kupimia. Nozeli mpya ya injini hii hufunguka kwenye karibu bar 150. Ile ilifunguka chini kabisa ya hapo na kuacha tone mdomoni. Ncha zilibadilishwa zote kwa pamoja, presha zikalinganishwa, na washa ya chini ya kila nozeli ikawa mpya. Mgandamizo wa silinda ulipimwa kupitia matundu ya hita plagi na kukutwa sawa. Alama za mkanda wa taimingi zilikuwa mahali pake.

Yale malalamiko ya paa wazi yalikuwa mambo mengine kabisa. Nyuma ya gari linalokwenda, hewa huwa na presha ndogo na moshi huzunguka hapo; paa likifunguliwa, hewa ya ndani hunyonywa juu na nafasi yake hujazwa na chochote kinachopenya mlango wa nyuma. Fundi alifunga mlango juu ya ukanda wa karatasi na kuuvuta, kila sehemu kwa zamu. Kona ya chini karatasi ilitoka bila kushikwa. Mpira ulibadilishwa. Bomba la moshi lilirefushwa hadi lipite bodi, na masizi kwenye maungio chini ya sakafu yakaonyesha gasketi iliyopasuka. Dereva na abiria hukaa humo kutwa nzima, na tangu 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO limeuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani.

Upo pia moshi mweusi gari linapopanda ukingo wa Ngorongoro; huo haujaisha, na fundi aliuacha makusudi. Kule juu, mita 2,300 hivi, hewa imepungua karibu moja ya tano na mafuta ni yaleyale. Kuipunguza skrubu ya mafuta ya pampu kungeufuta, na kulinyima gari nguvu kila mahali pengine. Kazi hiyo ifanywe na fundi wa pampu mwenye mashine, kama mwenye gari ataitaka.