Matembezi Yanayoishia Darajani

Mgeni anayefika Unguja akitaka kuijua asili ya taarab hupewa njia inayofahamika. Huanzia Forodhani, mbele ya Beit al-Ajaib, akasimuliwa habari za Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ambaye mapokeo yanasema alileta wapigaji kutoka Misri wamburudishe, kisha akampeleka Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza kanuni. Kutoka hapo huingizwa vichochoroni na kutajiwa Ikhwani Safaa, klabu iliyoasisiwa 1905. Hupitishwa Vuga ilipo Culture Musical Club, iliyoanza 1958. Na akibahatika, humalizia kwa kumsikiliza mwanafunzi wa udi au kanuni akipiga bashrafu. Njia ni nzuri, kivuli kipo, na msimulizi anayeijua kazi yake humfanya mgeni aondoke akiamini kwamba ameuona muziki ulikozaliwa.

Imani hiyo ndiyo inayostahili kuhojiwa. Matembezi ya kuongozwa ni utanzu wa masimulizi kama ulivyo wasifu au riwaya ya safari. Yana mwanzo na mwisho, yana wahusika wakuu na wadogo, na yana ukimya wake. Tofauti ni kwamba sura za hadithi hii ni majengo, na msomaji hulazimika kuzifuata kwa miguu. Kwa hiyo swali la mhakiki ni lilelile analoliuliza kitabuni: nani amepewa sura nzima, nani ametajwa kwa sentensi moja, na nani hakutajwa kabisa?

Utanzu huu haukubuniwa kwa ajili ya taarab. Umekomaa katika miji ya Ulaya iliyojipatia sifa kwa muziki ulioandikwa. Leipzig ni mfano wa kutosha: mtu huweza kutembea kutoka kanisa la Thomaskirche, alikofanya kazi Johann Sebastian Bach kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750, akaenda hadi nyumba aliyoishi Felix Mendelssohn Bartholdy, akaendelea hadi ile ya Robert na Clara Schumann. Huko jengo lina nguvu ya ushahidi. Mtunzi alikaa mezani, akaandika noti, na karatasi hizo zikahifadhiwa. Nyumba, meza na karatasi vinashuhudiliana. Msingi wa njia nzima ni wazo kwamba muziki ni kazi ya mtu mmoja, iliyofanyika mahali pamoja, ikabaki kama ilivyoandikwa.

Wazo hilo likihamishiwa Unguja, linaanza kuchechemea. Wimbo wa taarab una mtunga mashairi, mtia sauti, mwimbaji na kundi, na mara nyingi hao ni watu mbalimbali. Una pia mtu wa tano, anayesahauliwa na kila ramani: msikilizaji anayeinuka kitini, akaenda polepole hadi mbele, akamtunza mwimbaji kwa beti fulani na si kwa beti nyingine. Kwa kuinuka kwake, maana ya wimbo hubadilika. Ubeti uliokuwa unahusu ua au chombo kilichokwama mwambani ghafla unamhusu mtu aliyekaa safu ya tatu, na ukumbi mzima umejua. Hakuna jengo linaloweza kuhifadhi tendo hilo. Hata sahani ya santuri hailihifadhi.

Kwa sababu matembezi yanahitaji kuta, yanakwenda kwa wenye kuta. Hadithi huanza na sultani kwa kuwa jumba la sultani lipo, au lilikuwepo: sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, iliyojengwa 1883, iliporomoka Desemba 2020. Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mpaka wa hifadhi hiyo umekuwa, kwa mazoea, mpaka wa masimulizi. Ukifika barabara ya Darajani, ile iliyokuwa hori la maji kabla ya kufukiwa, msimulizi hugeuka na kurudi pwani. Ng'ambo haivukwi.

Hapo ndipo hasara inapoanza kupimika, kwa maana taarab ya Kiswahili ina deni kubwa kwa Ng'ambo. Taarab ya jumba la sultani na ya miaka ya mwanzo ya Ikhwani Safaa iliimbwa kwa Kiarabu, na wasikilizaji wake walikuwa wachache. Aliyeipa Kiswahili sauti iliyosikika hadi mbali ni Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba yapata 1880 kwa jina la Mtumwa, jina ambalo peke yake ni historia nzima ya Unguja ya karne ya kumi na tisa. Alifinyanga vyungu akavitembeza mjini kuviuza. Mwaka 1911 akahamia mjini, akafundishwa kuimba na kupokea ala, na akakaa Ng'ambo pamoja na watu wa tabaka lake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake, miongoni mwao Subeti bin Ambar, Budda bin Mwendo, Mbaruk Effendi na Maalim Shaaban, kurekodi nyimbo ambazo sahani zake zilisikilizwa pwani nzima ya Afrika Mashariki.

Matembezi humtaja Siti, naam. Humtaja kwa sifa: mwanamke wa kwanza, sauti ya dhahabu, mama wa taarab. Lakini humtaja akiwa tayari mjini, tayari mashuhuri, mara nyingi mbele ya jumba alikoalikwa kuimba. Njia aliyoipita mwenyewe, ya kutoka Fumba na vyungu kichwani, haimo. Hivyo msikilizaji hubaki na picha kwamba muziki ulishuka kutoka ikulu ukawafikia watu, na Siti akawa ndiye ngazi. Mtu anaweza kuipindua picha hiyo bila kubadilisha tukio hata moja: watu wa Ng'ambo walikuwa na ngoma zao, mashairi yao na mafumbo yao, wakaichukua ala ya ikulu wakaitumikisha.

Mfano mmoja unatosha. Vuga ipo Mahakama Kuu, jengo la enzi ya ukoloni lililosanifiwa na J. H. Sinclair, na watembezi hulitazama kwa kuba lake na milango yake. Katika nyimbo za Siti na wenzake umo ule unaojulikana kwa jina la Kijiti, unaohusu mwanamke aliyebakwa na kuuawa, mhalifu akatoroka, na mahakama za zama hizo zikawatia hatiani mashahidi. Kwa wasikilizaji wa wakati huo wimbo ulikuwa habari, malalamiko na hukumu mbadala. Msimulizi akisimama mbele ya mahakama na kuueleza wimbo huo, jengo litaacha kuwa pambo. Akisimama hapo na kuzungumzia usanifu peke yake, ameongoza watu mahali sahihi kwa hadithi isiyo yake.

Inafaa kuyalinganisha haya na kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua vizuri, Wasifu wa Siti binti Saad cha Shaaban Robert. Kitabu hicho nacho ni aina ya matembezi. Mwandishi anamshika msomaji mkono, anampeleka shamba kwanza, anamfikisha mjini baadaye, na kila kituo anasimama kueleza funzo. Mwelekeo wake ni kinyume cha ule wa matembezi ya leo: anaanzia kwa fukara. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mwandishi aliyekuwa na heshima ya kuchagua kiongozi au mwanachuoni wa kumwandikia wasifu, alimchagua mwimbaji mwanamke wa tabaka la chini, tena kwa Kiswahili kilekile alichokiimba.

Lakini Shaaban Robert naye ni mwongozaji, na mwongozaji huchagua pa kunyooshea kidole. Anamtaka Siti awe kioo cha subira, bidii na utu. Kwa hiyo yale yanayoweza kukichafua kioo anayapita haraka. Kejeli za Siti, ucheshi wake, masikio yake makali kwa visa vya mtaani, na uwezo wa nyimbo zake kuumiza, vinapungua ukali katika nathari yake ya maadili. Matembezi yanampa Siti jumba. Wasifu unampa mimbari. Kote kuwili anapungukiwa na mtaa. Hata hivyo kitabu kina faida ambayo njia ya mawe haina: kinaweza kusomwa tena kwa kukipinga, na wasomaji wengi wamefanya hivyo.

Itakuwa dhuluma kuwatupia lawama watembeza wageni peke yao. Wengi wao hujua zaidi ya wanachosema, na lugha ya kazi yao, Kiingereza mara nyingi, haiwaachii nafasi. Fumbo halitafsiriki likabaki fumbo, likishaelezwa, limefumbuliwa. Tena, Ng'ambo haina mengi ya kuonyesha kwa macho. Nyumba nyingi za udongo na makuti zilibomolewa, na pale Michenzani yakasimama majumba marefu ya ghorofa yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Mtu atamwonyesha nini mgeni aliyelipa ili aone? Jibu la swali hilo ni gumu, lakini lipo: amwonyeshe kwamba hakipo. Mahali palipofutwa pana habari sawa na mahali palipohifadhiwa, na pengine zaidi, kwa kuwa panamlazimisha msikilizaji kuuliza nani aliamua kipi kibaki.

Vilevile mgawanyo wa Mji na Ng'ambo usigeuzwe kuwa ukuta mpya. Siti aliimba katika majumba ya matajiri, na wapigaji walivuka hori kwenda na kurudi. Ikhwani Safaa nayo iliingia katika Kiswahili na kukitajirisha. Vikundi vya wanawake, kama Navy na Sahib el-Arry, vilishindana kwa nyimbo hadi mji mzima ukagawanyika mashabiki. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alibeba nyimbo za Siti kwa mkono mmoja na ngoma ya unyago kwa mkono mwingine, na hakuna mpaka wa hifadhi uliomzuia. Historia ya muziki huu ni historia ya kuvuka. Njia isiyovuka haiwezi kuisimulia.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa wasomaji walio nje. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Wazanzibari wengi walitawanyika, na walioingia Oman kuanzia miaka ya 1970 waliichukua taarab pamoja nao. Imeendelea kupigwa katika harusi za Muscat. Mtoto aliyezaliwa huko, au London, anapokwenda Unguja na kulipia matembezi, hujikuta mgeni katika nyumba ya bibi yake. Anaelezwa kwa Kiingereza maana ya neno ambalo nyumbani kwao hutumika jikoni. Yeye ndiye msikilizaji anayeweza kuudai utanzu huu zaidi ya unavyotoa sasa. Anaweza kuomba shairi lisomwe zima, kwa Kiswahili, bila haraka, kisha aulize swali ambalo bibi yake angeliuliza: hapa ameambiwa nani?

Matembezi yanayojibu swali hilo hayahitaji jengo jipya wala bango. Yanahitaji dakika kumi za ziada na kuvuka barabara moja. Msimulizi awapitishe watu wake sokoni Darajani, awafikishe Raha Leo, awaketishe kwa mtu anayezikumbuka nyimbo na ugomvi uliozizaa, na anyamaze. Pengine mgeni hataelewa kila kitu atakachosikia. Wakati wa Siti pia wapo walioketi ukumbini wasielewe, mpaka walipomwona mtu akiinuka na pesa mkononi, na jirani yake akitazama chini.