Moyo wa Liemba Uliong'olewa

Kila aliyepata kusafiri katika meli ya Liemba, Ziwa Tanganyika, kutoka Kigoma hadi Mpulungu, akalala sitahani baina ya magunia ya dagaa na mafungu ya mananasi, aijua ngurumo ya dizeli inayotikisa vyuma vyote hata chai ikamwagika kikombeni. Nami, niliyeisikia ngurumo hiyo usiku kucha, sijapata kuwasamehe walioamua, katika matengenezo ya miaka ya 1970, kuing'oa mitambo ya mvuke iliyoundwa pamoja na meli hiyo huko Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913.

Haikuwa mitambo ya hivi hivi. Anton Rüter, fundi aliyeifuata meli ikiwa vipande katika makasha 5,000, akaiunga Kigoma hata ikashushwa majini mwaka 1915, ndiye aliyeipaka mitambo ile shahamu nzito kabla ya Wajerumani kuizamisha meli kwa mikono yao wenyewe, Julai 1916, isije ikatwaliwa na adui. Wabelgiji waliiibua, dhoruba ikaizamisha tena. Na Waingereza walipoiinua mwezi Machi 1924, wakaifuta ile shahamu, waliikuta mitambo ingali yafaa kazi. Kuifanya meli ya abiria mwaka 1927, kwa jina la kale la ziwa lenyewe, ilikuwa kazi njema.

Basi mtambo ulioshinda vita, tope na miaka ya kukaa chini ya maji, ukaja kushindwa na hesabu ya karatasini. Hesabu hiyo naijua: dizeli haitaki wachochea tanuri, tena huwashwa saa ile ile ya safari, ilhali boila yataka saa nyingi ipate moto. Nakubali. Lakini mvuke huizungusha rafadha kwa utulivu, wala sioni kwamba mabamba yale, yaliyounganishwa kwa ribiti, yalikadiriwa kubeba mtetemo wa namna hii mchana na usiku. Kadhalika bushi ya mtambo wa mvuke ikilika, fundi hodari humimina nyingine papo hapo karakanani. Pampu ya dizeli ikifa, meli hufungwa gatini kungojea kipuri kivuke bahari, na mama mwenye samaki wake Kasanga akakaa ufukoni akiangalia maji matupu. Je, Rüter, aliyetumia shahamu tu ili mtambo uje ufanye kazi tena, angalikubali uondolewe kwa kuwa ni wa kizamani?

Matengenezo ya mwaka 1993, kwa fedha za Denmark, yalifanywa kwa uangalifu, ila kosa lenyewe yaliliacha palepale. Na huko huko Denmark, katika maziwa ya Silkeborg, meli iitwayo Hjejlen, iliyoanza kazi mwaka 1861, ingali yaendeshwa kwa mtambo wake wa asili wa mvuke, na abiria wake hulipa nauli kwa furaha ili wausikie ukipumua.