Maua Yaliyochongwa juu ya Ambo

Kurasa hizi zimezoea kupima vitabu na nyimbo. Leo twapima mbao tatu. Ndizo mbao za ambo mpya, yaani mahali pa kusomea Neno la Mungu, katika kanisa moja la mashambani huku Katanga. Jina la parokia hatulitaji, kwa kuwa jambo lenyewe lina ubishi bado, na hatutaki kumwaibisha mtu. Ubishi ni huu: kazi imekwisha, fundi amepewa nusu ya fedha, nusu ya pili imezuiliwa. Kamati ya parokia yasema maua hayaonekani, tena mengine hayakuagizwa. Fundi asema ametimiza mapatano. Padri mkubwa alituomba tuitazame kazi na kusema kwa haki. Tumeitazama mara mbili, na mara ya pili imetufundisha kuliko ya kwanza.

1. Kazi iliyoagizwa

Kamati ilimwita fundi, ikampa picha takatifu ndogo, zile tunazoweka katika kitabu cha sala, ikamwambia: «Fundi, ututengenezee maua ya Mama Maria, roza na lilio, kama haya. Yasitokeze sana, watoto wasije wakayavunja.» Wakapatana bei, wakampa avansi. Hakuna aliyeandika neno. Hakuna aliyeuliza ambo itasimama wapi, wala nuru itatoka upande gani.

Fundi alichagua mulombwa, na kwa hilo twamsifu. Ni mti wa misitu yetu, mbao zake zina rangi nyekundu iliyochanganyika na kahawia. Ukikauka haujikunji sana, na wakubali patasi vizuri. Mtu akikata gome lake, hutoa maji mekundu kama damu. Ubao wa ambo hii una unene wa sentimita 3, na maua yametokeza kadiri ya milimita 6 tu.

Yafaa msomaji aelewe kazi ya namna hii, asije akaidharau. Achongaye sanamu nzima huizunguka pande zote. Achongaye maua ya chini juu ya ubao hana njia hiyo. Kwanza huchora ua juu ya karatasi, kisha hulihamisha juu ya ubao kwa karatasi ya kaboni. Husimamisha patasi wima, akafuata ukingo wa mchoro wote, apate mpaka. Halafu hushusha uwanda wa nyuma kwa bobari, mpaka ua libaki juu kama kisiwa. Ndipo kazi ngumu yaanza. Katika milimita hizo 6 imempasa apate ngazi tatu au nne: petali ya mbele, petali iliyojificha nyuma yake, jani, na bua. Asipozipanga ngazi hizo tangu mwanzo, ua lake litakuwa kama biskuti iliyobandikwa juu ya ubao. Tena lazima afuate nyuzi za mti, kwani patasi ikienda kinyume cha nyuzi, ncha ya petali yaruka, wala hairudi tena.

2. Roza na lilio

Twaanza na mbao mbili zilizoagizwa. Twasema wazi: si nzuri.

Lilio la fundi lina petali tano. Lilio la kweli lina sita. Tulipoomba kuiona ile picha takatifu, tukafahamu mara moja kosa lilikotoka: katika picha, mtakatifu Yozefu ameshika lilio, na kidole chake chafunika petali moja. Fundi alihesabu alizoziona, akachonga tano. Roza nayo ni mizunguko ndani ya mizunguko, mfano wa kitunguu kilichokatwa katikati. Petali zote zina kimo kimoja. Jicho halipati mahali pa kuingilia. Patasi imekwenda safi, ukingo hauna kovu, lakini ua halina uhai.

Wengine watatuambia: «Ni kwa sababu maua hayo ni ya Ulaya.» Hapana, ndugu. Roza na lilio yameingia katika sala ya Kanisa, hayana haja ya kuomba ruhusa kwetu. Kosa ni kwamba fundi hakupata kushika lilio mkononi mwake. Alichonga picha ya ua, wala si ua. Hata fundi wa Ulaya, akiagizwa kuchonga mulombwa katika maua kwa kutazama kadi ya posta, angekosea vilevile.

Jambo hili si geni huku kwetu. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya wachoraji huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Hakuwataka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Aliwaacha watazame ndege, samaki na majani ya nchi yao. Katika karakana hiyo akatoka Pilipili Mulongoy, na ndege zake wajulikana hata ng'ambo. Alichora vile alivyovijua.

Lakini tusianguke upande wa pili. Kijana mmoja wa seminari alituambia: «Basi, fundi angechonga ua la shaba, lile linaloota juu ya vilima vyetu vya madini.» Wazo lapendeza, kwa maana ua lile huvumilia udongo wa shaba unaoua mimea mingine. Walakini, vijiua vyake ni vidogo mno, vimesongamana penye kichwa kimoja. Kwa patasi, na kwa macho ya mtu aliyekaa benchi la mwisho, yatakuwa madoa tu. Ua kuwa la kwetu hakutoshi. Sharti pia lifae chombo na mti. Ua la protea la nyanda za juu lingefaa zaidi, kwani lina vigamba vikubwa vinavyopandana kama majani ya paa; ngazi zake zimekwisha kupangwa na Mwumba.

Wala wazee wetu hawakuwa wageni wa kazi ya chini juu ya mbao. Tazama vikombe na visanduku vya Wakuba wa Kasai: uso wote umejaa mistari iliyofumwa kama mkeka, kina chake ni kidogo sana, na hakuna mstari uliolala ovyo. Si maua, lakini fundi anayetaka kuchonga maua ya chini atajifunza kwao jambo moja kubwa: uwanda wa nyuma nao ni sehemu ya kazi. Katika roza na lilio yetu, uwanda wa nyuma umeachwa mtupu kama ukuta usiopakwa chokaa.

3. Ubao wa tatu

Ubao wa tatu haukuagizwa. Kamati ilisema «maua» bila hesabu. Fundi alipobakiwa na upande mmoja mtupu, akachonga ua analolijua. Ni lile ua la porini lipandalo juu ya vichaka, petali zake sita nyekundu na manjano zimepinduka kuelekea juu kama ndimi za moto, na ncha ya kila jani yajisokota kama kidole ili ishike tawi la jirani.

Ndugu, ubao huu ni mzuri. Twapima neno hilo kabla ya kuliandika. Fundi ameliweka ua upande, si uso kwa uso, hata petali zapindana na kila moja ina ngazi yake. Bua limepita chini ya jani, likatokea tena. Kwa milimita 6 amepata mbele na nyuma. Zile ncha za majani zimeshika ukingo wa ubao wenyewe, kana kwamba ua lataka kupanda mpaka kwenye kitabu. Na uwanda wa nyuma hakuusugua kwa msasa: ameacha alama ndogo za bobari, nazo hufanya kivuli chepesi. Mkono uliochonga kitunguu kule ndio uliochonga moto huku. Tofauti ni kwamba hapa jicho lilitangulia.

Lakini mjumbe mmoja wa kamati alituambia kwa uchungu: «Baba Padri, ua hilo lina sumu. Tutasomaje Injili juu ya sumu?» Neno hili si la kuchekwa. Ni kweli mmea huo una sumu kali, zaidi katika kiazi chake, na watu wa vijiji wajua. Ishara kanisani si mali ya fundi peke yake. Ni mali ya wale watakaoisoma. Fundi alikosa kwa kutowauliza. Twalisema hilo bila kulipunguza.

Basi tukawauliza wakristu wengine. Mama mmoja mzee, mwenye kufagia kanisa, aliutazama ubao kitambo, akasema: «Baba, ua hili nalijua. Kiangazi lafa lote, hulioni tena. Mvua ya kwanza ikinyesha, latoka udongoni.» Kisha akaendelea kufagia. Sisi hatukumfundisha neno lolote la Paska. Kwa sababu hiyo twafikiri ubao ubaki mahali pake, na katekista aeleze Jumapili moja neno la mama huyu. Lakini kama wakristu wengi, wakiisha kuelezwa, waendelea kuona sumu tu, basi ubao uhamishwe kwa heshima penye mlango wa sakristia. Usitupwe, wala usichomwe.

4. «Hayaonekani»

Tuje kwenye lawama ya kwanza. Hapa imetupasa kuungama. Mara ya kwanza tuliiona ambo jioni, taa za neon zikiwaka juu mbele yake, nasi tuliandika katika daftari letu: «Kazi bapa, haina nguvu.» Asubuhi tulikuja kwa Missa ya saa kumi na mbili. Mlango wa ubavuni ulikuwa wazi, jua lililala juu ya mbao kutoka upande. Ua la porini likasimama. Hata roza ilipata kivuli kidogo. Tukafuta maneno yetu.

Kazi ya chini huishi kwa kivuli. Nuru ikiipiga usoni, kivuli chafa, na ua lafa nalo. Si kosa la patasi. Taa moja ndogo ikiwekwa ubavuni mwa ambo yatosha kuponya ugonjwa huu, na gharama yake haifiki robo ya fedha iliyozuiliwa.

Tena kuna verni. Nayo haikupakwa na fundi. Kamati iliagiza ipakwe mara tatu, ing'ae. Verni nzito imejaza mifereji midogo, na mng'ao wake hupiga macho kabla jicho halijafika kwenye ua. Mafuta mepesi au nta yangetosha. Someni Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 6: Salomoni alipojenga hekalu, kuta za ndani zilikuwa za mwerezi uliochongwa maua yaliyofunuka, na milango ya mzeituni ilichongwa makerubi, mitende na maua. Walipoifunika kwa dhahabu, waliisawazisha dhahabu juu ya michongo. Hata dhahabu ilitii patasi. Je, verni yetu ni bora kuliko dhahabu ya Salomoni?

5. Nani atalipa?

Hukumu yetu ni hii. Mbao mbili ni dhaifu, moja ni njema sana. Udhaifu wa zile mbili watoka kwa picha mbaya aliyopewa fundi. Kutoonekana kwatoka kwa taa na verni, navyo si vyake. Kosa lake ni moja, la kutouliza. Hilo halitoshi kumzuilia nusu ya ujira wake. Sheria ya Musa yaagiza mfanyakazi maskini alipwe kabla jua halijatua. Mtume Yakobo asema ujira uliozuiliwa hulia mbele ya Mungu. Ambo inayosomewa maneno hayo isibaki na deni. Fundi alipwe yote, na akipenda, achonge roza na lilio upya kwa bei mpya, akiisha kuonyeshwa maua yenyewe, au maua mengine yatakayochaguliwa pamoja.

Kwenu ninyi mafratri twasema neno la mwisho. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati juu ya Liturjia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliwataka maaskofu watafute uzuri wenye heshima kuliko fahari, wawatunze mafundi, na waseminari wafundishwe sanaa takatifu wangali katika masomo. Wengi wetu tulilipita fungu hilo haraka. Kesho mtakuwa mapadri wakubwa, na fundi atasimama mlangoni kwenu na kofia mkononi. Msimpe kadi. Mpelekeni penye ua, mwonyesheni mahali ambo itakaposimama na dirisha liliko, andikeni mapatano kwenye karatasi moja, watu wote watie sahihi. Katika Kitabu cha Kutoka, Mungu alimwita Beseleli kwa jina lake, akamjaza roho ya hekima ili achonge mbao. Aliyemwita fundi kwa jina alieleza pia kazi yote, kipimo kwa kipimo. Nasi tufanye hivyo.