Urithi wa Kalamu

Mtungaji akifa, nyumba, shamba na fedha zake hugawanywa kwa sheria. Hadithi aliyoiacha haigawanyiki hivyo. Wasomaji huidai kama deni, wachapaji huitamani kama mali, na warithi huilinda kama jina la ukoo. Je, mtu mwingine ana haki ya kuishika kalamu ile?

Mifano miwili yafaa kupimwa pamoja. Robert Jordan wa Marekani alianza kutoa mfululizo wa The Wheel of Time mwaka 1990. Alipofariki mwaka 2007, vitabu 11 vilikuwa vimetoka na hadithi haijafika kikomo. Lakini ugonjwa ulikuwa umempa muda wa kujiandaa: aliacha maandishi mengi ya maelezo, na sehemu ya mwisho aliiandika mwenyewe. Mjane wake, Harriet McDougal, aliyekuwa pia mhariri wake, alimchagua Brandon Sanderson aikamilishe kazi. Kitabu kimoja kilichokusudiwa kikawa vitatu, vikatoka 2009, 2010 na 2013, navyo vina majina ya watungaji wote wawili.

Stieg Larsson wa Sweden alikufa ghafula Novemba 2004, akiwa na umri wa miaka 50, kabla kitabu chake cha kwanza hakijachapwa. Vitabu vyake vitatu vilienea duniani pote. Hakuacha wasia uliokubaliwa na sheria. Urithi ukaenda kwa baba na ndugu yake, wala Eva Gabrielsson, aliyeishi naye zaidi ya miaka 30 bila ya ndoa, hakurithi kitu. Mwaka 2015 David Lagercrantz alitoa kitabu cha nne bila ya kuutumia mswada ambao Larsson hakuumaliza. Gabrielsson alikipinga hadharani.

Ushairi wa Kiswahili una kipimo cha kale kwa jambo hili. Katika takhmisi, mshairi huchukua utungo wa mwenziwe, akaongeza vipande vitatu juu ya viwili vya asili. Ndivyo alivyofanya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate kwa maneno yanayonasibishwa na Fumo Liyongo. Mwongezaji hufungwa na vina na mizani, na maneno ya kwanza hayaguswi.

Kwa kipimo hiki, Sanderson amekaribia takhmisi, maana aliandika kuelekea mwisho uliokwisha kuwekwa na mwenyewe. Upungufu ni kwamba mshono umefichwa: msomaji haambiwi ukurasani wapi mkono mmoja umekoma na mwingine umeanza. Lagercrantz hakuwa na beti za asili mbele yake. Alikuwa na watu wa hadithi tu. Tena kitabu cha tatu cha Larsson kilikuwa kimeifunga kesi ya Lisbeth Salander, basi hapakuwa na deni la kulipwa.

Yamkini mtu atasema kwamba hekaya za Abunuwasi huongezwa na kila msimulizi, wala hapana anayelalamika. Ni kweli, lakini hekaya hizo hazina sahihi ya mtu mmoja. Riwaya hutoka na jina la mtungaji, na jina hilo ni ahadi kwa msomaji. Kuimalizia kazi iliyokatika ni kumtimizia marehemu ahadi yake. Kuiongeza kazi iliyokamilika ni kumwekea ahadi nyingine, naye hayupo kukubali wala kukataa.